Usione Vyaelea: Nasaha kwa Vijana Wanaotaka Kuijua Familia ya Ulaya

Wanangu, kila panapozuka ubishi wa ndoa na malezi, Mzungu haachi kuitwa shahidi. Kijana anayetaka kuhamia mbali na wazazi baada ya harusi husema ndivyo Wazungu wanavyoishi, na ndiyo maana wameendelea. Mjomba anayemkanya husema Wazungu hawana ukoo, huwatupa wazee wao, na ndivyo walivyo tangu zamani. Wote wawili wanamwita shahidi mmoja, na hakuna kati yao aliyewahi kusoma habari zake. Wahenga walituonya: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nasaha yangu leo ni ya kusoma. Familia mnayoiona kwenye filamu za Ulaya, ya baba, mama na watoto wawili ndani ya nyumba yenye bustani, haikushuka kutoka mbinguni. Usione vyaelea, vimeundwa. Iliundwa na ardhi, na sheria za kanisa, na vifo vya watoto wachanga, na mishahara ya viwandani, na mkono wa serikali. Ikabomolewa na kuundwa upya zaidi ya mara moja. Tena wanahistoria walioandika habari hizo wamegombana vikali, jambo ambalo ni heri kwenu, maana msomaji hupata faida kubwa pale wajuzi wanapopingana. Kwa hiyo nawausia jambo moja kabla ya yote: someni kwa jozi. Kila kitabu kitafutieni mpinzani wake, na msifunge hukumu kabla ya kumsikia.

Anzeni na kisa cha kweli. Mwaka 1548, huko Artigat, kijiji cha kusini mwa Ufaransa karibu na milima ya Pyrenees, mkulima kijana aliyeitwa Martin Guerre alituhumiwa kumwibia baba yake nafaka. Akatoweka, akamwacha mkewe Bertrande na mtoto mdogo. Mwaka 1556 akatokea mtu aliyesema ndiye Martin. Dada zake wakamtambua, mkewe akampokea, wakaishi pamoja miaka zaidi ya mitatu na kuzaa. Yote yalikwenda vizuri hadi mgeni huyo alipomdai ami yake, Pierre Guerre, hesabu ya mali aliyokuwa akiisimamia. Ami akageuka, akadai huyu si mtoto wa ndugu yake, akafungua kesi. Mwaka 1560 mahakama ya Toulouse ilikuwa karibu kumwachia mshtakiwa, ndipo Martin halisi akaingia, akitembea kwa mguu wa mti. Mlaghai, Arnaud du Tilh, alinyongwa mbele ya nyumba ile aliyoishi kama mume. Mmoja wa majaji, Jean de Coras, aliandika habari za kesi hiyo na kuzichapisha mwaka 1561.

Kitabu cha Natalie Zemon Davis, The Return of Martin Guerre, cha mwaka 1983, ni chembamba, mtakimaliza kwa siku chache. Ndani yake mtaona ndoa ikiunganisha mashamba ya koo mbili. Ami aliyemwoa mama mkwe wa mpwa wake ili mali isitawanyike. Mke aliyeachwa ambaye hawezi kuolewa tena maadamu hana uthibitisho kwamba mumewe amekufa. Hakuna hata kimoja katika hayo kitakachomshangaza mtu aliyekulia kijijini kwetu. Davis anaamini kwamba Bertrande alijua wazi huyu si mumewe, akaamua kumpokea kwa hiari yake. Mwaka 1988 mwanahistoria Robert Finlay alimpinga, akisema mwandishi amemtungia mwanamke huyo moyo ambao nyaraka hazikuuonyesha. Davis akamjibu papo hapo, katika toleo lile lile la jarida. Someni kitabu, kisha msome ugomvi. Hapo mtajifunza tofauti kati ya karatasi inavyosema na msomaji anavyokisia, na somo hilo litawafaa hata mahakamani.

Katika kisa hicho Martin na Bertrande waliozwa wangali watoto. Msikimbilie kusema Wazungu wote wa kale waliozana wakiwa wadogo. Kosa hilo limeenea, na fasihi imelichochea. Wengi wenu mmemsikia Juliet wa Shakespeare, ambaye hakuwa ametimiza miaka 14. Wengine mmesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, mkamwona Portia aliyefungwa na wosia wa baba yake marehemu, asiweze kuchagua mume ila kwa fumbo la masanduku matatu. Tamthilia ni njia nzuri ya kuingilia, lakini haziwezi kuwaambia watu wa kawaida waliishi vipi. Kwa hilo wanahitajika watu wa kuhesabu.

Mkubwa wao ni Peter Laslett wa Cambridge. Mwaka 1964 yeye na E. A. Wrigley walianzisha kikundi cha utafiti wa historia ya watu na jamii, wakapekua rejista za ubatizo, ndoa na maziko za parokia za Uingereza. Kitabu chake cha 1965, The World We Have Lost, kiliwashtua Waingereza wenyewe. Walikuwa wakiamini kwamba mababu zao waliishi katika kaya kubwa zenye babu, wajomba na wajukuu, na kwamba viwanda ndivyo vilivyowatawanya. Laslett alikuta vingine. Katika vijiji na mitaa 100 iliyochunguzwa, kuanzia 1574 hadi 1821, kaya moja ilikuwa na wastani wa watu 4.75. Bibi arusi wa Kiingereza wa karne ya 17 alikuwa na miaka karibu 26, na bwana arusi karibu 28. Juliet alikuwa wa jukwaani.

Kwa nini walichelewa? Kwa sababu kwao kuoa kulikuwa na maana ya kuanzisha kaya yako, yenye jiko lako, na jiko halipatikani bila kibanda, vyombo na chochote cha kulima. Kijana alitoka kwao akiwa na miaka kumi na kitu, akaenda kutumika katika kaya ya watu wengine, mwaka hapa, mwaka kule, akiweka akiba. Mtaalamu Ann Kussmaul ameonyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa Kiingereza wa miaka 15 hadi 24 walikuwa watumishi wa namna hiyo. Utumishi huo haukuwa aibu. Mtoto wa mkulima alitumika kwa mkulima mwenzake, na baadaye akawa mwenye nyumba, akaajiri watoto wa wengine.

Mwaka huohuo wa 1965, John Hajnal aliandika makala mashuhuri. Alichora mstari wa kufikirika kutoka Leningrad, inayoitwa leo St Petersburg, hadi Trieste. Magharibi ya mstari huo, alisema, watu walioa na kuolewa wakiwa wamechelewa, na mtu mmoja kati ya kumi au zaidi hakuoa wala kuolewa kabisa. Mashariki yake karibu kila mtu alioa au kuolewa, tena mapema, na mara nyingi wanandoa waliingia katika nyumba ya wazazi. Kwa hiyo mtu akiwaambia "familia ya Ulaya", muulizeni upande gani wa mstari.

Sasa mpinzani. Mwaka 1972 Lutz Berkner aliwasoma wakulima wa Austria katika sensa ya 1763, akauliza swali dogo lenye makali: mkihesabu kaya siku moja tu, mtaonaje mwendo wa maisha? Leo kaya ina wazazi, mwana na mkwe. Baada ya miaka mitano wazee wamekufa, na kwenye orodha inaonekana kaya ndogo. Baada ya miaka ishirini mwana naye amemwozesha mwanawe, na kaya imekuwa ya vizazi vitatu tena. Ni familia ileile, ila sensa huipiga picha moja. Yeyote anayefanya utafiti wa kaya, hata huku kwetu, asimsahau Berkner.

Na viwanda? Michael Anderson alichunguza mji wa Preston, kitovu cha viwanda vya pamba katika Lancashire, kwa kutumia sensa ya 1851. Kitabu chake kilitoka 1971. Alikuta kwamba katika mji ule wa moshi na mashine watu waliishi na ndugu zao zaidi kuliko walivyoishi vijijini. Mgeni alihitaji pa kulala, na ndugu wa kumtafutia kazi. Mama aliyekwenda kiwandani alihitaji bibi wa kumwangalizia mtoto. Mtu yeyote aliyewahi kupokelewa na binamu yake Tandale au Kibera ataielewa Preston bila mkalimani. Na wale wanaodhani upande wa mashariki ya mstari wote waliishi katika kaya kubwa za undugu, wamsome Maria Todorova. Kitabu chake cha 1993 juu ya Balkani kinaonyesha kwamba kaya hizo mashuhuri za ndugu wengi chini ya paa moja zilitiwa chumvi sana na waandishi waliotaka kuziona.

Niseme kidogo juu ya wazee, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Si kweli kwamba Wazungu wa kale waliwatupa wazazi wao, na si kweli pia kwamba waliwatunza kwa mapenzi matupu. Katika Austria, Ujerumani na Skandinavia mkulima mzee alimkabidhi mwanawe shamba kwa mkataba wa maandishi. Mkataba ulitaja chumba atakacholala, kiasi cha nafaka atakachopewa kwa mwaka, maziwa, kuni, na haki ya kuota moto. Waliandika kwa sababu waliwajua watoto wao. Uingereza sheria ya maskini ya 1601 iliwabana watoto wenye uwezo wawatunze wazazi wao, na pale uwezo ulipokosekana parokia ikatoza kodi na kulisha. Kwa hayo someni kitabu cha Michael Mitterauer na Reinhard Sieder, The European Family, ambacho kwa Kijerumani kilitoka 1977. Mimi sijawaletea karatasi ya kutia saini, lakini msidhani kwamba wazo hilo halina akili.

Mlango mwingine ni utoto, na hapa ugomvi ni mkali kuliko kwingine kote. Mwaka 1960 Mfaransa Philippe Ariès alitoa kitabu ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Centuries of Childhood. Kazi yake ya kila siku ilikuwa katika taasisi ya utafiti wa matunda ya nchi za joto. Historia aliiandika kwa muda wake wa ziada, na mwenyewe alijiita mwanahistoria wa Jumapili. Alitazama michoro, mavazi, michezo na shule, akasema kwamba katika Zama za Kati Ulaya haikuwa na fikra ya utoto kama tunavyoielewa. Mtoto akishavuka umri wa kulelewa mikononi, alivishwa, akafanyishwa kazi na kuchanganywa na wakubwa. Lawrence Stone wa Uingereza, mwaka 1977, alikwenda mbali zaidi: watoto walikufa wengi mno hata wazazi wakaogopa kuwapenda, na mapenzi ya nyumbani yakaja kuchanua baadaye, hasa karne ya 18.

Vifo vyenyewe havina ubishi. Katika Ufaransa ya karne ya 18 karibu robo ya watoto walikufa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawakufika utu uzima. Lakini je, anayezika mara nyingi huacha kulia? Mnajua jibu bila kusoma kitabu, kwa kuwa bibi zenu wengi walizika. Linda Pollock hakutosheka na kujua tu. Alisoma mamia ya shajara na tawasifu za Uingereza na Marekani za kuanzia karne ya 16 hadi ya 19, na mwaka 1983, katika kitabu chake Forgotten Children, akaonyesha wazazi waliokesha na watoto wagonjwa, waliohangaikia meno na kuachishwa ziwa, na walioomboleza. Martin Luther, yule yule aliyetikisa kanisa lote, alivunjika moyo alipomzika binti yake Magdalena mwaka 1542.

Barbara Hanawalt naye alifanya jambo la werevu. Wakulima wa Uingereza wa karne ya 14 na 15 hawakuandika shajara, basi akaenda kwenye kumbukumbu za maofisa waliochunguza vifo vya ghafla. Alitazama watoto wadogo walipatwa na ajali wapi. Wavulana walikufa zaidi nje, wakifuata shughuli za baba zao. Wasichana zaidi karibu na jiko na maji, wakifuata za mama zao. Kwa hiyo tangu wanajifunza kutembea watoto wale walikuwa wakiiga wazazi wao, na kijiji kiliwajua kuwa ni watoto. Kitabu chake, The Ties That Bound, cha 1986, kina huzuni, lakini kitawafundisha kwamba maskini asiyejua kuandika naye ana historia, ikiwa mtafutaji anajua pa kutazama.

Je, Ariès atupwe? La. Alikosea katika jibu, lakini swali ni lake. Kabla yake ni wachache waliodhani kwamba utoto una historia. Mpinzani anapomshinda mtu, mara nyingi ni kwa sababu huyo aliyeshindwa ndiye aliyefungua njia.

Njooni sasa kwenye kanisa na mali. Hapa nawapa mtu aliyejifunza kazi yake Afrika. Jack Goody alikaa kaskazini mwa Ghana miongoni mwa LoDagaa, akachunguza maziko, urithi na mababu. Aliporudi kuitazama Ulaya, aliuliza maswali ambayo wenyeji hawakuwa wakijiuliza. Mbona hapa mtu haruhusiwi kumwoa binamu yake? Mbona mjane hawezi kurithiwa na shemeji? Mbona asiye na mtoto haasili mtoto wa ndugu? Katika kitabu chake cha 1983, The Development of the Family and Marriage in Europe, alijibu kwamba tangu karne ya 4 kanisa lilizuia njia zote hizo ambazo ukoo huzitumia kujipatia mrithi, na mtu asiye na mrithi aliacha ardhi yake kwa kanisa. Makatazo ya undugu yalifika hadi daraja la saba, na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ndio ulioyapunguza hadi la nne. Uingereza haikuwa na sheria ya kuasili mtoto hadi mwaka 1926.

Wapinzani wake wanasema kwamba faida si ushahidi wa nia, na kwamba kanisa halikuketi kikao cha kupanga kunyakua mashamba. Pimeni wenyewe. Lakini hata kama Goody amezidisha, ametuonyesha kwamba mambo yaliyoletwa kwetu na wamisionari kama desturi ya Kikristo ya milele yana tarehe. Mnapotangazwa kanisani kabla ya ndoa, iwe Songea au Machakos, mnafuata agizo lililoenezwa kwa kanisa zima mwaka 1215. Na kwa Wakatoliki, sharti la kufunga ndoa mbele ya padri na mashahidi liliwekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Kabla ya hapo, mwanamume na mwanamke waliotamkiana maneno ya kuoana, hata ghalani bila shahidi, walihesabiwa kuwa wameoana.

Msinisadiki mimi, someni barua za ukoo wa Paston wa Norfolk, zilizosalia tangu karne ya 15. Mwaka 1469 iligundulika kwamba binti yao Margery alikuwa amepeana ahadi ya ndoa kwa siri na Richard Calle, msimamizi wa mali za ukoo huo. Wakubwa wakakasirika: binti wa heshima na mtumishi! Wakampeleka kwa askofu wa Norwich amhoji. Margery hakurudi nyuma, alisema yale aliyoyatamka, na kama hayakutosha yuko tayari kuyatamka kwa uthabiti zaidi. Askofu, hata kama alitaka, hakuweza kuivunja ndoa hiyo. Mama yake akamfungia mlango. Basi mnaona kwamba kanisa lile lile lililoukaba ukoo katika urithi, lilimpa binti silaha dhidi ya ukoo katika ndoa. Historia nzuri ina ncha mbili namna hiyo.

Kwa habari za wanawake na mali, nendeni Florence. Mwaka 1427 mji huo ulifanya hesabu ya kodi iliyoorodhesha karibu kaya 60,000 za mji na maeneo yake, na David Herlihy na Christiane Klapisch-Zuber waliichambua mwaka 1978. Huko wanaume wa mjini walioa wakikaribia miaka 30 na wasichana waliolewa wakiwa na miaka kama 18. Mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, kinyume na mahari yetu, na mzigo huo ulikuwa mzito hata mji ukaanzisha mfuko wa akiba mwaka 1425 ili baba aanze kuweka fedha binti angali mdogo. Mumewe akifa mapema, ndugu wa mjane kijana walimrudisha nyumbani ili aolewe tena, akaondoka na mali yake, na watoto wakabaki kwa ukoo wa baba. Watoto hao walipokua walimwandika mama kuwa mkatili. Klapisch-Zuber anaonyesha kwamba ukatili ulikuwa wa mpango wa koo, si wa moyo wa mama. Somo hilo lisomwe na kila mwanamume anayekaa kwenye kikao cha ukoo.

Mkifika karne ya 19, jozi ni hii. Leonore Davidoff na Catherine Hall, katika Family Fortunes cha 1987, wanaeleza jinsi tabaka la kati la Kiingereza lilivyojenga fikra kwamba mahali pa mwanamume ni kwenye biashara na mahali pa mke ni nyumbani, ilhali biashara hizo zilisimama kwa mitaji na kazi ya wanawake. Amanda Vickery anawajibu kwamba wanawake wa tabaka hilo hawakufungiwa kiasi hicho, na kwamba fikra hiyo ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Kumbukeni pia kwamba mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakupata haki kamili ya kumiliki mali kwa jina lake hadi sheria ya mwaka 1882, wakati mwanamke Mwislamu wa Lamu au Unguja alikuwa na haki hiyo kisheria karne nyingi kabla.

Hapo muwekeni shahidi wetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Aliondoka 1866 kwa sababu ya mapenzi yake na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, wakaoana Aden mwaka uliofuata, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na barua zake juu ya maisha ya Ujerumani zikatolewa baada ya kufa kwake. Yeye aliijua nyumba ya sultani yenye masuria na watoto wengi, kisha akaijua nyumba ya Kijerumani yenye mlango uliofungwa. Anawaambia Wazungu wazi kwamba wamewahukumu wanawake wa Mashariki bila kuwajua. Lakini naye msomeni kwa jicho kali, kwa kuwa alikuwa binti wa mfalme, na utumwa uliomlea aliuzungumzia kama mtu aliyenufaika nao.

Sasa namna ya kusoma. Kwanza, ulizeni karatasi ilitoka wapi. Emmanuel Le Roy Ladurie aliandika Montaillou, kilichotoka 1975, kitabu kitamu kuliko vyote nilivyovitaja, juu ya kijiji cha milimani kilichokuwa na watu kama 250. Mtaona humo wachungaji, mapadri wenye wapenzi, na wanawake wakitoana chawa mlangoni huku wakisengenya. Lakini maneno yote hayo yaliandikwa kati ya 1318 na 1325 na makarani wa askofu Jacques Fournier, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 12, akiwasaka wazushi. Anayesimama mbele ya jaji kama huyo hasemi kila alijualo.

Pili, ulizeni ni nani hayumo. Rejista ya parokia humwona aliyebatizwa, wosia humwona mwenye mali, shajara humwona aliyejua kuandika. Mtumishi, mwombaji na mtoto aliyeachwa mlangoni pa kituo cha yatima hutafutwa kwa njia nyingine.

Tatu, msisome kwa kutafuta silaha. Anayefungua kitabu ili apate cha kuwashinda wazee, au cha kuwatetea, hufunga kitabu akiwa kama alivyoingia. Hakuna familia ya Ulaya moja ya kuigwa, wala moja ya kulaaniwa. Kuna watu waliopewa ardhi kidogo, sheria nzito na maisha mafupi, wakapanga nyumba zao kadiri walivyoweza.

Kwa utaratibu, anzeni na Martin Guerre, kisha Montaillou. Fuateni na kijitabu cha Michael Anderson cha 1980, Approaches to the History of the Western Family, ambacho kwa kurasa chache kinawapangia wanahistoria kwa kambi zao. Baadaye Laslett na Berkner, Ariès na Pollock, Goody na wakosoaji wake. Majuzuu matatu yaliyohaririwa na David Kertzer na Marzio Barbagli, yaliyotoka kati ya 2001 na 2003, msiyasome mfululizo. Yawekeni ya kurejea mnapokwama. Vitabu vya bei msivinunue peke yenu. Changeni watano, kila mmoja anunue kimoja, mbadilishane, na mkutane mara moja kwa mwezi. Mmoja amtetee mwandishi, mwingine ampinge, na mwezi unaofuata wabadilishane nafasi.

Na siku mtu atakapowaambia tena kwamba Wazungu wamekuwa hivi siku zote, mjibuni kwa adabu na maswali manne: Wazungu wa wapi, wa mwaka gani, wa tabaka gani, na nani aliyeandika? Akishindwa kujibu, msimcheke. Mpeni kitabu.